Unalala na Mito Mingapi?

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, lakini kabla hujazipokea, keti kwanza. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kwamba miguu yako imepungua ule uvimbe uliosema ni wa viatu vibaya. Huku kwetu hatujambo. Kibonge hajambo, ameota jino jingine na analijaribu kwenye kila kitu, mimi nikiwemo. Shemeji yako naye hajambo, ingawa siku hizi anakula kimya kimya na kuosha vyombo bila kuombwa, na sababu utaiona mbele. Mimi mwenyewe ni mzima. Neno hilo nimeliandika mara nyingi maishani, lakini leo ndiyo mara ya kwanza naliandika nikijua ninachosema.

Utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Dada, wewe kwenye simu hukamatiki. Nikianza jambo unalidaka, unalimaliza unavyotaka wewe, halafu unaniuliza nimekula nini. Karatasi huwezi kuikatiza. Kwa hiyo soma yote, usirukeruke, na usinipigie kabla hujafika mwisho.

Nataka kukueleza habari ya zile mbio. Najua umeshazisikia kwa shemeji yako, lakini umezisikia upande wake.

Unakumbuka nilivyokuwa baada ya kumzaa Kibonge. Wewe ndiye uliyekaa nami hospitali wakati ule, mimi naukumbuka kama mtu anavyokumbuka safari aliyolala njia nzima. Niliambiwa nilipata kifua kibaya, maji yaliingia. Nikapewa vidonge, nikaambiwa ni vya kifua, nikavimeza. Kila baada ya muda mume wangu alinipeleka kupigwa picha ya kifua. Nalala pale, napakwa ule ute wa baridi, daktari anatazama kioo chake, na kila nikifumbua mdomo kuuliza, mwenzangu ameshajibu kwa niaba yangu. Anaendelea vizuri daktari, anakula daktari, analala daktari. Nilimwona mume anayejali. Ila nyumbani nilikuwa nalala na kunyonyesha na kulia, na wewe hukujua, maana kwenye simu nilikuwa nacheka.

Kukimbia kulianza kwa sababu ya kuchelewa kazini. Pale dobi ninapopiga pasi, tajiri wetu hufunga mlango wa mbele saa ya kazi ikifika, na aliyechelewa anapitia nyuma, katikati ya mvuke, mbele ya macho yake. Nikawa namnyonyesha mtoto, namwacha kwa jirani wa chini, natoka mbio. Halafu siku moja nikatoka mapema, muda ulikuwepo tele, na bado nikakimbia. Dada, kule barabarani hakuna anayenivuta nguo. Hakuna anayelia, hakuna sufuria inayochemka, hakuna shati linalosubiri kola. Nilifika kazini natabasamu mpaka wenzangu wakauliza kama nimeongezwa mshahara. Nikaanza kuzungukia njia ndefu makusudi.

Basi zikaletwa fulana za mbio za marathoni tuzipige pasi, maboksi hadi dirishani. Waandaaji wakampa tajiri nafasi chache kwa wafanyakazi wake. Aliposoma tangazo watu wakaangua kicheko. Mimi nikainua mkono, na pasi ikiwa kwenye huo mwingine.

Nilipomwambia mume wangu, alikuwa amefungua friji la mtu sebuleni, maana unajua nyumba yetu ndiyo karakana yake. Bisibisi ilimdondoka. Alisema kutakuwa na jua kali. Kesho yake akasema kutakuwa na mvua. Siku iliyofuata akasema Kibonge bado mdogo, kana kwamba Kibonge ndiye anayekimbia. Kisha kiatu changu kimoja cha mbio kikapotea. Nilikitafuta nyumba nzima, nikakikuta ndani ya lile friji bovu la sebuleni, kimefungwa gazeti kama samaki. Nilipomuuliza, alisema labda mtoto alikiweka. Mtoto mwenyewe hata mpini wa friji hafikii.

Hapo ndipo shaka ilipoanza kunitambaa. Nilijiuliza ni kwa nini mwanamume huyu ananitaka ndani. Nilimsimulia mpiga pasi mwenzangu, yule tunayemwita Redio kwa kuwa hazimiki. Redio alisema jambo liko wazi kama mchana: mume anayetaka ukae ndani anaogopa mtakutana njiani, yeye na wewe na huyo mwingine.

Na wewe, dada, ulinichochea bila kujua. Kila ukipiga simu, mara tu baada ya hujambo, unauliza, mdogo wangu, unalala na mito mingapi? Mara ya kwanza nilicheka tu. Baadaye nikaanza kuwaza. Nikaona dada yangu amesikia jambo na anaona aibu kuniuliza wazi kama mume wangu bado analala kitandani kwangu, ndiyo maana anazungukia kwenye mito. Nikaamua nikujibu kama mwanamke mwenye ndoa yake. Nikakwambia miwili. Unakumbuka? Ukauliza kwa haraka, tangu lini, imeanza lini, nikilala na mmoja inakuwaje. Nilipokueleza kwamba ni mmoja wangu na mmoja wa mume wangu, ulicheka mpaka ukakohoa. Mimi sikucheka. Nilibaki na simu mkononi najiuliza dada yangu anajua nini kuhusu nyumba yangu ambacho mimi sikijui.

Unajua kazi yangu ni nguo za watu. Mtu anaweza kunidanganya, shati lake haliwezi. La mume wangu siku zote hunuka vumbi na gesi ya friji. Sasa likaanza kuja, siku moja moja, linanuka spiriti na ile sabuni kali ya kudekia korido. Nilimuuliza. Akasema kuna zahanati anawatengenezea friji la dawa. Inawezekana. Lakini ni friji gani la kuharibika kila mara kama lina kinyongo? Nilimpelekea Redio shati alinuse. Akanusa kwapani na kwenye kola kama mwonja chai, akasema huyo mwanamke ni mjanja, hajipaki manukato. Nilijua anafanya utani. Usingizi haukuja hata hivyo.

Kisha mume wangu akageuka ghafla, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Alirudi siku moja na soksi mpya za mbio. Akaniambia kimbia, mke wangu, mimi nitakushangilia njia nzima. Akakata ubavu wa boksi la friji, akakaa chini na rangi nyekundu, ulimi nje kama mtoto wa shule, akaandika TARATIBU MAMA KIBONGE. Watu wanawaandikia wake zao songa mbele, kaza mwendo. Mimi wangu anataka niende taratibu. Redio alipoambiwa alicheka mpaka akaunguza foronya ya mteja. Alisema hakika huyo ana shughuli zake siku hiyo, na ukikimbia sana utamkuta hajamaliza.

Halafu nikamsikia kwenye ngazi, anazungumza na simu kwa sauti ya chini. Nilikuwa natoka na ndoo ya nguo. Alikuwa anasema, utakuwa karibu, sivyo? Basi na mimi nitasimama karibu na wewe. Hapana, yeye hajui kitu. Aliponiona alikata simu na kunipokea ndoo. Nilimwachia. Nikarudi ndani nikatoa begi langu la safari, nikatia nguo za Kibonge, nguo zangu chache na kile kitambaa cha mama, nikalisukuma chini ya kitanda. Nilijiapiza kwamba nikimkuta siku hiyo na mwanamke, mbio zitaishia palepale, nitamchukua mwanangu na kuja kukaa kwako. Sikukwambia, kwa sababu ungesema nivumilie. Ila ndivyo nilivyoingia kwenye zile mbio. Wenzangu walikuwa wanatafuta medali, mimi nilikuwa natafuta ushahidi.

Siku ya siku tulianza asubuhi, bado kuna ubaridi, watu wamejaa barabara nzima mpaka ukikohoa unamkoholea mwenzako shingoni. Nikaanza polepole. Miguu ilikuwa myepesi, nikasahau yote kwa muda. Mara kwenye kituo cha mafuta nikamwona mume wangu juu ya kiroba cha mchanga, Kibonge mabegani, bango hewani. Alikuwa anapiga kelele taratibu, mama, pumua, hakuna anayekufukuza! Watu wote wakageuka kumcheka. Kibonge naye akapiga makofi. Dada, nilikaribia kumsamehe. Lakini hatua chache nyuma yake palikuwa na mwanamke mwenye mwavuli wa kijani, na jua lenyewe lilikuwa bado halijatoka sawasawa. Alikuwa ananitazama mimi. Wengine wote walikuwa wanatazama mbio, yeye ananitazama mimi peke yangu, kuanzia usoni mpaka miguuni, kama mtu anayenunua.

Nikajiambia ni mtazamaji tu. Watu wana miavuli.

Mara ya pili ilikuwa kwenye ukuta mrefu wa shule. Mume wangu yuko pale, jasho linamtoka kuliko mimi. Nilijua amekuja na pikipiki kwa njia za uchochoroni, maana fundi anayekwenda nyumba kwa nyumba hakosi njia. Na mwavuli wa kijani uko pale. Safari hii upande wa pili wa barabara, wanajifanya hawajuani. Ila nilipopita niligeuka ghafla, nikamwona mume wangu anamtazama yule mwanamke na kuinua nyusi, kama anayeuliza. Naye akatikisa kichwa kukubali. Kuanzia hapo nilikimbia kwa hasira, na hasira ina nguvu lakini haina akili. Niliwapita wanaume wazima. Nilikuwa natunga maneno nitakayomwambia, nayafuta, natunga mengine makali zaidi.

Darajani ndipo nilipoona nisichotaka kuona. Mwanangu alikuwa mikononi mwa yule mwanamke. Kibonge, anayelia akishikwa hata na jirani wa juu, amejiegemeza begani pale, anatafuna mkanda wa mkoba wake. Mtoto hamzoei mtu kwa siku moja. Nilijua basi kwamba amepelekwa kwake, tena mara nyingi. Mume wangu aliinua bango akaita taratibu, taratibu, na safari hii sauti yake ilikuwa na hofu. Nikaona anaogopa kwa sababu nimeona. Sikumjibu. Nilipita nimekaza uso kama shati lililotiwa wanga.

Baada ya daraja kuna mlima, na juu ya mlima uwanja wa kumalizia unaonekana. Walikuwa pale kabla yangu. Nikatoka kwenye mstari wa wakimbiaji, nikaruka kamba, nikamwendea yule mwanamke moja kwa moja. Nilimwambia maneno nisiyoyaandika hapa kwa sababu wewe barua huzisoma kwa sauti na watoto wako wanasikia. Nilimwambia amrudishe mwanangu. Hakubisha. Alimpa mume wangu mtoto, akakunja mwavuli, kisha akanishika mkono.

Nilidhani anataka tupigane, na nilikuwa tayari. Lakini hakunivuta wala kunisukuma. Alinishika kifundo cha mkono kwa vidole, akafunua koti lake, na ndani palikuwa na saa ndogo imebanwa na pini kifuani, imening'inia kichwa chini. Akaitazama. Midomo yake ilikuwa inahesabu. Mimi bado natukana, yeye anahesabu. Nikanyamaza mwenyewe kwa aibu. Nilipomtazama sawasawa, nikamjua. Ni yule muuguzi wa wodi, aliyekuwa ananigeuza ubavu nilipokuwa siwezi kujigeuza. Sikuwahi kumwona amevaa nguo za nyumbani.

Alimwambia mume wangu kwamba mapigo yangu yako sawa. Kisha akamwambia, haya, sema sasa, au niseme mimi. Shemeji yako alikaa chini ukingoni mwa barabara na mtoto na bango lake. Alisema haikuwa kifua. Ulikuwa moyo. Kwamba nilipojifungua moyo wangu ulichoka, ukashindwa kusukuma, ndipo maji yakajaa. Kwamba vile vidonge vilikuwa vya moyo, na ule ute wa baridi ulikuwa wa kuutazama. Kwamba umepata nguvu sana, daktari amefurahi, lakini hakuna aliyesema nikimbie marathoni. Alisema alijaribu kunizuia kwa jua na mvua na kiatu, halafu akaniona ninavyorudi nyumbani nikishatoka mbio, ninavyoimba nikikuna nazi, akashindwa. Akaenda kumlilia muuguzi. Muuguzi alimwambia mkeo aambiwe, na azuiwe. Alipoona mtu huyu hawezi lolote kati ya hayo mawili, akaja mwenyewe siku yake ya mapumziko, na mkoba wa dawa, kwa sharti kwamba siku haiishi kabla sijaambiwa.

Nilikaa chini na mimi. Wakimbiaji wakawa wanapita. Nilikuwa nimejiandaa kwa mwanamke mwingine, dada. Kumbe aliyefichwa ni mimi mwenyewe. Kila mtu alikuwa anajua habari zangu isipokuwa mimi, hata Kibonge alikuwa anapelekwa kwa muuguzi mume wangu akienda kuuliza maswali. Sikujua kama nimkumbatie mtu huyu au nimpige na bango lake.

Mume wangu akaanza kusema sasa turudi nyumbani. Nilimwambia nyamaza. Nilimgeukia muuguzi, nikamuuliza nikitembea mpaka pale uwanjani nitakufa? Alinitazama miguu, akanibonyeza vifundo, akasikiliza mgongo wangu hapohapo barabarani, akaniuliza kama nimebanwa, kama naona giza. Akasema kukimbia basi, kumekwisha. Kutembea polepole naweza, yeye akiwa ubavuni kwangu, na nikihisi chochote nakaa chini bila ubishi. Nikasema sawa. Lilikuwa neno la kwanza kusema juu ya mwili wangu nikiwa najua naamua nini.

Tukatembea. Mume wangu alifuata pembeni, na nilimpiga marufuku kushangilia. Alibeba bango limegeuzwa nyuma, mtu mzima anatembea na upande mweupe wa boksi. Njiani muuguzi alikuwa ananiuliza maswali yake ya kazi, taratibu, kama watu wanaopiga soga. Kama nachoka nikipanda ngazi. Kama viatu vinabana jioni. Kisha akaniuliza, na usiku, unalala na mito mingapi?

Nilisimama. Alidhani nimezidiwa, akanishika. Nilimuuliza kwa nini anauliza hivyo. Akanieleza kwamba mtu ambaye moyo wake umechoka akilala chali pumzi humbana, basi huongeza mto, kisha mwingine, bila kujua kwa nini, na mwisho anasinzia amekaa. Ndiyo maana wao huuliza mito.

Nikamgeukia mume wangu, nikamuuliza nani alisema nisiambiwe. Alisema ni yeye, yeye peke yake. Huku anachokonoa rangi kwenye kucha. Huyo akidanganya huwa hatazami mtu, anatazama kucha. Nikamwambia basi, usiongeze.

Dada, nimekujua. Ni wewe. Wewe ndiye uliyewashika daktari na mume wangu pale kwenye korido, ukawaambia mdogo wako asiambiwe kitu. Wewe umekuwa ukinipima kwa simu tangu siku ile, na mimi namshuku mume wangu. Na sababu naijua. Umenisimulia tangu nikiwa mdogo kwamba mama hakuuawa na moyo, aliuawa na maneno. Kwamba alikuwa anachota maji na kucheka mpaka siku daktari alipomwambia, akarudi, akalala, hakuamka tena kuwa mtu. Uliapa kwamba hakuna wa kwetu atakayeambiwa tena.

Mimi nilikuwa mdogo wakati ule, lakini nilikuwa mle ndani, na nakumbuka mambo ambayo wewe ulikuwa na kazi nyingi mno kuyaona. Nakumbuka siku aliyorudi mama alitaka kufagia, ukampokonya ufagio. Alitaka kupika, mkamwambia akae. Tulianza kutembea kwa kunyata. Watu wakija wanazungumza kwa sauti ya matanga na yeye yupo anasikia. Hakuna aliyemuuliza tena anataka nini. Mama hakulazwa na habari ile, dada. Tulimlaza sisi. Sikuandikii haya nikulaumu, ulikuwa msichana mdogo mwenye watoto wa kulea ambao hukuwazaa, na mmoja wao ni mimi. Nakuandikia kwa sababu umebeba kosa hilo ukadhani ni dawa, ukanipa na mimi.

Nimekasirika. Nitakuwa nimekasirika kwa muda, na mnivumilie, wewe na shemeji yako. Mngeniambia nisingelala. Ningekimbia kidogo, ningepumzika, ningemeza vidonge kwa akili zangu. Na nisingepanda mlima ule kwa hasira, maana muuguzi anasema hapo ndipo alipoanza kumwomba Mungu.

Tulifika uwanjani wakati wanakunja mahema. Mtoa medali alikuwa ameshafunga boksi, akalifungua tena kwa ajili yangu. Kibonge ameichukua, ndiyo anayojaribia jino. Tangu hapo nimekwenda mimi mwenyewe kwa daktari. Mume wangu alibaki nje kwenye benchi, na nilijibu maswali yangu kwa mdomo wangu. Nitakimbia tena, mbio fupi, kwa kipimo alichonipa. Mume wangu ameomba arudishiwe ruhusa ya kushangilia. Nimemwambia nitafikiria.

Sasa nisikilize vizuri, hapa ndipo nilipokuwa nakuja. Nimejifunza kushuku, na siwezi kuacha kwa siku moja. Ulipokuja kwetu mara ya mwisho, ulisimama kwenye kila ghorofa ukasema unatazama mandhari. Dada, kwenye ngazi zetu mandhari ni ukuta. Kitanda tulikupa, ukakikataa, ukasema unapenda kulala kwenye kochi karibu na dirisha. Asubuhi nilikukuta umekaa, kichwa kimeangukia bega, na mito yote ya kochi iko mgongoni kwako. Viatu vyako umevikata pembeni kwa wembe. Na kwenye simu siku hizi unameza pumzi katikati ya sentensi, unasema ni unene. Tumezaliwa na mama mmoja.

Sijakuletea habari hizi kwa kunyata. Nakwambia kama nilivyotamani kuambiwa: nadhani unaumwa, na nadhani unajua. Umejificha mwenyewe kama ulivyonificha mimi.

Lile begi chini ya kitanda bado limefungwa. Sikulifungua. Jumamosi nakuja nalo, mimi na Kibonge, na Jumatatu tunakwenda pamoja kwa yule daktari wangu. Muuguzi ameshaniwekea nafasi yako. Usipike, usifagie kwa ajili yetu, ila ukitaka kufagia sitakupokonya ufagio. Ukiingia kwa daktari nitakaa nje kwenye benchi, na ukiniita nitaingia. Usipoita sitaingia. Lakini kwenda utakwenda. Siombi.

Nisalimie sana shemeji, mwambie na yeye aisome barua hii, maana namshuku na yeye. Wasalimie watoto, waambie Kibonge anakuja kuwang'ata. Mume wangu anakusalimu, amesimama nyuma ya kiti changu anasoma na hataki kuondoka. Anasema samahani, shemeji, siri imemshinda.

Mkate wa upendo ninaoujua, wewe ndiye uliyeumega kwanza ukanipa mimi, hilo halitafutika hata nikasirike vipi. Jibu barua hii kwa jambo moja tu, na ujibu kweli kama nilivyokuwa nakujibu mimi:

Dada, unalala na mito mingapi?

Ni mimi mdogo wako,
Mama Kibonge